Pombe Hupimwa kwa Gramu na Saa, Hisia Hudanganya

Dhana nyingi potofu kuhusu pombe zimetokana na watu kuuamini mwili wao. Mnywaji husikia joto kifuani, akahitimisha kwamba pombe inaupasha mwili moto. Huenda haja ndogo mara kwa mara, akahitimisha kwamba bia inasafisha figo. Koo linawaka, basi vijidudu vimekufa. Usingizi unamjia mapema, basi amepata tiba ya kukosa usingizi. Anatembea bila kupepesuka, basi hajalewa. Hisia zote hizo ni za kweli, ila zinasomwa vibaya. Madhara ya pombe hufuata mambo mawili ambayo hakuna kiungo cha mwili kinachoweza kuyahisi, nayo ni gramu za kileo zilizoingia mwilini na saa zilizopita tangu ziingie. Makala hii inazipima dhana hizo kwa kipimo hicho, na zile zinazoua zimepewa nafasi kubwa zaidi.

Tuanze na gramu. Kileo kilichomo katika bia, mvinyo, mbege, mnazi, konyagi na gongo ni kimoja, yaani etanoli, na ini halijui kimetoka kwenye chupa ya bei gani. Mililita moja ya etanoli ina uzito wa karibu gramu 0.8. Kwa hiyo chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za etanoli, sawa na gramu 20 hivi. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu 14. Konyagi ya mililita 200, yenye asilimia 35, ina gramu 55, ambazo ni karibu sawa na bia tatu, ingawa chupa yake inaenea kwenye mfuko wa suruali na mnywaji huihesabu kuwa ni moja tu. Anayejisifu kwamba hagusi pombe kali, kisha akamaliza bia sita, ameingiza gramu 120, kiasi ambacho angekipata kwa kunywa chupa mbili ndogo za konyagi na kuongeza kidogo. Hatari ya viroba, vile vifuko vya pombe kali ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia Machi 2017, ilikuwa hapo hapo: bei ilikuwa ndogo, kifuko kilikuwa kidogo, na gramu zilikuwa nyingi kuliko zilivyoonekana.

Hata imani kwamba kuchanganya bia na pombe kali ndiko kunakolewesha huyeyuka mbele ya hesabu hii. Anayechanganya huwa anaongeza gramu kwa muda mfupi, na mara nyingi huanza kuchanganya akiwa tayari amepoteza uangalifu wa kuhesabu. Vivyo hivyo kwa wanaosema pombe za asili hazina madhara. Mbege ya Kilimanjaro hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na ni kweli kwamba ina chembechembe za nafaka zenye lishe kiasi. Ulanzi wa Iringa ni utomvu wa mwanzi. Mnazi wa Pwani ni utomvu wa mti wa mnazi. Zote zina etanoli ileile, tena kiwango chake hakiandikwi popote na hakitulii. Mnazi huanza kuchachuka tangu unapogemwa, hivyo uliokuwa mtamu asubuhi huwa mkali jioni, na anayekunywa vikombe vilevile nyakati hizo mbili hanywi kiasi kilekile.

Sasa saa. Kileo kidogo hupenya tumboni, lakini sehemu kubwa huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba. Chakula kikiwamo tumboni, hasa chenye mafuta na protini, tumbo hufungua njia ya kuelekea utumbo polepole, na kileo huingia kwenye damu taratibu. Hapo ndipo penye ukweli wa ushauri wa kula kabla ya kunywa, na ushauri huo ni mzuri, kwa kuwa hupunguza kilele cha ulevi. Maziwa au mafuta ya kupikia yanayonywewa ili kuupaka utumbo hayaweki utando wowote. Yanachelewesha tu, kama chakula kingine. Na nyama choma inayoagizwa baada ya chupa ya tano haifyonzi chochote, maana kileo kimeshavuka.

Kikishaingia kwenye damu, njia ya kutoka ni karibu moja tu. Zaidi ya asilimia 90 huvunjwavunjwa, na kazi hiyo hufanywa hasa na ini: kimeng'enya kimoja huigeuza etanoli kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, na kingine huigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo hatimaye hutoka mwilini kama maji na hewa ya kabonidioksidi. Kazi hii ina mwendo wake. Mtu mzima wa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kiwango katika damu hushuka kwa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Vimeng'enya hivyo hushikika kwa kazi hata kileo kikiwa kidogo, na kwa sababu hiyo havina kasi ya akiba ya kutumia mtu anapozidisha. Kiasi kidogo kinachobaki hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo, nacho hakitoshi kubadili hesabu. Kuoga maji baridi, kukimbia asubuhi mpaka jasho lichuruzike, kujitapisha saa kadhaa baada ya kunywa, au kunywa supu ya makongoro yenye ndimu na pilipili nyingi, hakuna hata kimoja kinacholiharakisha ini. Supu hurudisha maji na chumvi, na mtu hupata nafuu ya mning'inio, ile hali mbaya ya asubuhi baada ya kulewa; kileo kinabaki pale pale kikisubiri zamu yake.

Hesabu moja ifanywe hadi mwisho, kwa sababu wengi hawajawahi kuiona ikifanywa. Tuseme mwanamume wa kilo 70 anakunywa bia sita za aina tuliyoitaja kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku, kisha anakwenda kulala. Gramu 120 zikisambaa katika maji ya mwili wake zingefikisha kiwango cha miligramu 250 hivi katika kila mililita 100 za damu, kama zote zingeingia kwa mara moja bila ini kufanya kazi. Toa miligramu 15 kwa kila saa. Anapoamka saa 12 asubuhi zimepita saa 10 tangu aanze kunywa, na ini limepunguza miligramu 150. Zimebaki takriban 100. Kikomo cha dereva nchini Tanzania ni miligramu 80. Mtu huyu amelala, ameoga, amekunywa chai, anajiona mzima, na akiwasha gari anavunja sheria huku mikono na macho yake yakiwa bado yanachelewa. Kileo chote kitaisha karibu saa 6 na nusu mchana. Miili hutofautiana, na hesabu hii ni makadirio, lakini tofauti hizo haziufanyi usiku mmoja utoshe.

Kahawa inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa imani juu yake ni kubwa na ina madhara ya ziada. Kafeini huzuia adenosini, kemikali inayouletea ubongo uchovu. Mlevi aliyekunywa kahawa, au anayechanganya pombe kali na kinywaji cha kuongeza nguvu, huondokewa na usingizi bila kuondokewa na ulevi: bado hukadiria umbali vibaya na bado huchelewa kukanyaga breki, ila sasa anajiamini zaidi na ana nguvu za kuendelea kunywa. Novemba 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza vileo vilivyotiwa kafeini, kwa sababu hiyohiyo ya ulevi usiojihisi.

Mtu anayesifiwa baa kwamba ana kichwa kigumu, kwamba hata akinywa kumi halewi, naye anapimwa kwa hisia. Ubongo unaopewa pombe kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ndani yake, hivyo kwa kiwango kilekile cha kileo mzoefu huongea vizuri wakati mgeni amelala juu ya meza. Ini na moyo wake, pamoja na utando wa koo lake, havikupata kinga yoyote. Vinapokea gramu zote, na kwa kuwa halewi upesi hupokea nyingi zaidi. Tafiti za kufuatilia vijana kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wale ambao tangu mwanzo walihitaji pombe nyingi ili walewe ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuwa waraibu baadaye. Sifa hiyo ya baa ni dalili ya kuitilia maanani. Wanawake, kwa upande wao, hufikia kiwango cha juu zaidi kwa gramu zilezile, hata wakiwa na uzito sawa na wanaume, kwa sababu mwili wa mwanamke una sehemu ndogo zaidi ya maji ya kukisambaza kileo. Anayemshinikiza mkewe au dada yake kunywa sawasawa na meza nzima anamnywesha zaidi ya meza nzima.

Joto linalosikika kifuani na usoni hutokana na mishipa midogo ya damu ya ngozi kutanuka. Damu yenye joto huja juu ya ngozi, na mtu husikia moto; joto hilo linatoka ndani na kupotea hewani. Mlinzi wa usiku wa Njombe au Limuru anayekunywa ili ajikinge na baridi anaupoza mwili wake. Usingizi nao huja haraka, lakini nusu ya pili ya usiku hukatikakatika, ndoto hupungua mwanzoni kisha hurudi kwa fujo, na anayekoroma huzibwa pumzi zaidi kwa kuwa misuli ya koo imelegea.

Kuhusu figo, chembe ya ukweli ipo: pombe huizuia homoni inayoziamuru figo kubakiza maji, hivyo mkojo huongezeka, na mkojo mwingi mwepesi kwa kweli hupunguza uwezekano wa chumvi kuganda na kuwa mawe. Lakini maji ya kawaida hufanya kazi hiyo bila kuleta kileo, tena bila kumwacha mtu amekaukiwa kesho yake. Figo zenyewe ndizo zinazosafisha damu, na hazina uchafu unaongoja kuoshwa na bia. Zaidi ya hapo, bia huongeza asidi ya yuriki mwilini, ambayo ndiyo chanzo cha gauti, ule uvimbe wa ghafla wa kidole gumba cha mguu unaomfanya mtu ashindwe hata kustahimili shuka likimgusa.

Imani kwamba bia nyeusi au mvinyo mwekundu huongeza damu imejengwa juu ya rangi. Chupa nzima ya bia nyeusi haina hata nusu miligramu ya madini ya chuma, wakati mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Sahani ya maharage au kipande cha maini kinamfaa zaidi kuliko kreti. Unywaji wa kuzidi hupunguza damu kwa njia kadhaa kwa pamoja: huudhoofisha uboho unaotengeneza chembe za damu, huzuia mwili kupata asidi ya foliki ya kutosha, na huchubua tumbo mpaka damu ikapotea kidogo kidogo kwenye choo bila mtu kujua. Inasikitisha kwamba imani hii huelekezwa hasa kwa wajawazito na wanawake waliojifungua, yaani watu ambao kileo kinawadhuru wawili kwa mpigo. Kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake.

Mama aliyejifungua huambiwa anywe bia au mbege ili maziwa yaje. Maziwa hutoka kifuani kwa msukumo wa homoni ya oksitosini, na pombe huizuia homoni hiyo. Watafiti waliopima watoto kabla na baada ya kunyonya wamekuta kwamba, katika saa zinazofuata mama kunywa, mtoto hupata maziwa machache zaidi, ingawa mama husikia matiti yamejaa. Kujaa kwenyewe kunaweza kutokana na maziwa kutotoka. Tena maziwa huwa na kiwango cha kileo karibu sawa na cha damu ya mama kwa saa hiyo. Bibi anayempikia mkwewe mtori wa ndizi na nyama anafanya jambo la maana, kwa sababu mama anapata maji, chumvi na protini, na mtoto akinyonya mara nyingi mwili hupokea amri ya kutengeneza maziwa mengine. Kikombe cha mbege kinachowekwa pembeni ya bakuli hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mtori.

Imani kwamba koo likiwaka vijidudu vimekufa imewahi kugharimu maisha kwa kiwango kikubwa. Vitakasa mikono huua virusi kwa sababu vina kileo cha asilimia 60 au zaidi, kikikaa juu ya ngozi. Pombe inayonywewa huchanganyika na mate, maji ya tumbo na hatimaye lita kadhaa za damu; mtu mwenye miligramu 400 katika mililita 100 anaweza kufa kwa kukoma kupumua, na hiyo ni asilimia 0.4 tu, kiwango kisichosumbua amiba, vimelea vya malaria wala virusi. Hata hivyo, Aprili 2020 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitangaza kwamba pombe kali ingewekwa katika vifurushi vya msaada akiamini inasaidia kuua virusi vya korona, na kampuni inayotengeneza kinywaji alichokitaja ililazimika kukanusha hadharani. Nchini Iran katika miezi hiyohiyo mamia ya watu walikufa baada ya kunywa methanoli kwa imani ya namna hiyo.

Methanoli ndiyo kiini cha dhana hatari kuliko zote katika eneo letu. Wanywaji wa gongo, chang'aa na waragi wana kipimo chao: humwaga kidogo kwenye kizibo au juu ya meza, huwasha kiberiti, na moto ukiwa wa bluu wanasema ni safi. Moto wa bluu unathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna kileo cha kutosha kuwaka. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa bluu uliofifia, na zikichanganywa na etanoli jicho haliwezi kuzitofautisha. Pua na ulimi pia haviwezi, maana harufu na ladha zinakaribiana mno. Kwamba muuzaji ameonja mbele yako hakuthibitishi kitu, kwa sababu sumu hii haifanyi kazi siku hiyo.

Wengi huamini pia kwamba sumu hiyo hutokana na mpishi mchafu au mtambo mbovu. Uchachukaji wa mahindi, sukari au ulezi hutoa methanoli kidogo sana. Ya matunda huwa zaidi kidogo kwa sababu ya pektini iliyomo ndani ya matunda, ila kwa kawaida haifikii kiwango cha kuua. Vifo vya halaiki hutokea pale mtu anapochukua methanoli ya viwandani, inayotumika kama kiyeyusho na ni ya bei ndogo kuliko etanoli, akaitia kwenye pombe ili iongezeke wingi na ukali. Kenya imelipata janga hilo zaidi ya mara moja: Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi na maeneo ya jirani, na Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache. Uganda ilizika watu wengi mwaka 2010 kwa waragi yenye methanoli, hasa upande wa Kabale. Aliyekunywa gongo ya jirani kwa miaka 20 bila kudhurika hana ushahidi wowote juu ya chupa ya leo, kwa kuwa hatari imo katika kilichoongezwa jana usiku na mtu asiyemjua.

Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuifanya damu iwe na asidi nyingi mno. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu, na 30 zinaweza kumuua. Ini huanza kwanza na etanoli iliyomo katika mchanganyiko, hivyo dalili huchelewa saa 12 hadi 24. Mnywaji hulala kama kawaida, huamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na kila mtu nyumbani husema ni mning'inio. Kisha analalamika kwamba anaona ukungu mweupe, au anauliza kwa nini taa haijawashwa, na anaanza kupumua kwa haraka na kwa kina. Hapo muda uliobaki ni mchache. Hospitalini hupewa dawa ya kuizuia methanoli isigeuzwe, na damu yake huchujwa kwa mashine. Wanaofika mapema wengi hupona wakiwa na macho yao. Wote waliokunywa naye chungu kimoja wapelekwe pia, hata wasiosikia lolote.

Dhana inayofuata ni ya kinyume, kwa kuwa hapa watu huiogopa pombe mahali pasipostahili na kupata hasara. Watu wengi wanaotumia dawa za kufubaza VVU huamini kwamba dawa na pombe zikikutana tumboni huwa sumu. Basi siku ya harusi au ya mwisho wa mwezi wanaruka dozi ili wanywe, wengine wakaruka wiki nzima. Kuruka dozi huwapa virusi nafasi ya kuongezeka na kujenga usugu dhidi ya dawa, na dawa ikishashindwa haimfai tena mgonjwa. Ushauri wa wahudumu wa kliniki uko wazi: kupunguza au kuacha pombe ni bora kwa afya yake, lakini kama amekunywa, dawa anywe kwa saa yake ileile. Hatari ya kweli iko kwenye dawa nyingine. Diazepamu ya kutuliza, tramadoli ya maumivu na dawa za usingizi zikikutana na pombe huzidishiana nguvu ya kupunguza upumuaji hadi mtu asiamke. Dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi hulielemea ini ambalo tayari limechoka. Metronidazoli huandikiwa sharti la kutokunywa mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza dozi. Paracetamoli, ambayo wengi huimeza asubuhi kutuliza kichwa, inaweza kuliharibu ini la mnywaji wa kila siku hata kwa kiasi ambacho mwingine angekivumilia.

Kwamba kidogo kinaufaa moyo ni dhana iliyotoka kwa wanasayansi wenyewe, na ni haki kuieleza kwa uangalifu. Mwaka 1991 televisheni ya Marekani iliwaonyesha watazamaji kwamba Wafaransa hula mafuta mengi lakini hufa kidogo kwa maradhi ya moyo, na sifa ikapewa mvinyo mwekundu. Tafiti zilizofuata zilionyesha mara kwa mara kwamba wanaokunywa kidogo huishi zaidi ya wasiokunywa kabisa. Tatizo lilikuwa katika kundi la wasiokunywa: ndani yake walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, na watu maskini zaidi waliokosa matibabu. Wanywaji wa kiasi walikuwa na kipato, chakula bora na daktari. Walipotenganishwa walioacha kwa ugonjwa, faida ilipungua sana na mara nyingi ikatoweka. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari kwa afya, hasa kwa sababu ya saratani. Pombe imo katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani tangu mwaka 1988, ikihusishwa na saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Kwa Afrika Mashariki umio ni habari ya nyumbani, kwani ukanda unaotoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi una saratani hiyo kwa wingi usio wa kawaida, na pombe ni mojawapo ya mambo yanayochangia. Hatari ya anayekunywa glasi chache kwa wiki ni ndogo, na hakuna haja ya kumtisha. Ila asiambiwe anakunywa dawa.

Zimebaki imani mbili zinazoua usiku huohuo au katika siku tatu zinazofuata, nazo hutoka kwa watu wenye nia njema. Ya kwanza ni kumwacha aliyezimika alale ili pombe imtoke. Kiwango cha kileo katika damu huendelea kupanda kwa dakika 30 hadi 90 baada ya funda la mwisho, kwa hiyo mtu aliyelazwa akikoroma anaweza kuwa katika hali mbaya zaidi saa moja baadaye. Akilala chali na kutapika, matapishi humziba, kwa kuwa hana nguvu ya kukohoa. Alazwe ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kielekezwe upande ili kinywa kimwage nje, na mtu akae naye. Asipewe kahawa, maziwa wala maji mdomoni. Asipoamka kwa kuitwa na kufinywa, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika au akikaa sekunde 10 bila pumzi, ngozi yake ikiwa ya baridi au midomo ikiwa na rangi ya buluu, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Ya pili ni kwamba mlevi wa miaka mingi akitaka kweli ataacha leo, na akitetemeka ni ukosefu wa nia. Ubongo uliokaa ndani ya pombe kwa muda mrefu umejikaza dhidi ya utulivu wake, na pombe ikiondolewa ghafla mkazo huo hubaki bila kizuizi. Mikono huanza kutetemeka katika saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, hupandwa na homa, na bila matibabu baadhi hufa. Hapa ndipo kuzimua kwa bilauri ya asubuhi hupata sifa ya kuwa dawa, maana kwa kweli mtetemeko hutulia, na familia inayomfungia ndani kwa upendo bila daktari humwingiza kwenye hatari isiyoijua. Hospitali za afya ya akili kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala huwapokea wagonjwa hawa, na hospitali za kawaida pia zinaweza kuanza tiba. Mgonjwa hupewa diazepamu au dawa ya jamii yake kwa vipimo vinavyopunguzwa kila siku, maji, na vitamini B1 mapema, kabla au pamoja na dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi peke yake inaweza kuumaliza ule mgao mdogo wa vitamini uliobaki na kuuharibu ubongo. Sehemu ngumu kwa upande wa mwili huwa imepita ndani ya wiki moja hivi. Hamu ya kunywa huchukua muda mrefu zaidi, na kwa hiyo kuna ushauri nasaha, vikundi vya walioacha, na dawa za kuipunguza ambazo daktari anaweza kuandika.